Nani Ameivunja Sahani?

Hotuba kwa watendaji wa kata na vijiji, wenyeviti wa vijiji na maafisa maendeleo ya jamii, Dodoma

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, watendaji, wenyeviti wa vijiji, dada zangu na kaka zangu wa maendeleo ya jamii: mbukwenyi, kama tusalimianavyo kwa Kigogo.

Nimeombwa nizungumze juu ya uandishi wa taarifa na mihtasari ya vikao, kazi niliyoifanya katika mkoa huu kwa miaka 31 kabla ya kustaafu. Namna ya kupanga ajenda na kuhesabu akidi mnaijua, na wengine wenu mnaijua kuliko mimi. Nitazungumzia kitu kimoja tu: maneno tunayoyatumia tunapoandika mambo ya wananchi, na jinsi maneno hayo yanavyoweza kuwanyang'anya wananchi nafasi yao bila mtu yeyote kuvunja sheria wala kuinua sauti. Nasema "tunayoyatumia" kwa sababu mimi mwenyewe niliyatumia kwa miaka mingi, nikawafundisha vijana waliokuwa chini yangu wayatumie, na leo nitawasomea sentensi yangu moja ambayo mpaka sasa inanichoma.

Nianze uani. Mtoto anaosha vyombo, mara unasikia kishindo. Mama anatoka mbio, na mtoto, kabla hajaulizwa, anasema: "Mama, sahani imevunjika." Hasemi "nimevunja sahani". Hakuna aliyemfundisha sarufi, lakini tayari anajua kwamba lugha yetu ina kauli ya kutendeka, kauli ambayo jambo hutokea lenyewe bila mkono wa mtu, na anajua pia kwamba fimbo humtafuta mtendaji. Mama naye huenda hajapita darasa la sarufi, ila swali lake ni lilelile katika kila nyumba: "Nani ameivunja?"

Kiswahili ni lugha ya haki sana katika jambo hili. Kitenzi chetu humbeba mtendaji begani: ukisema "alichukua", yupo mtu ndani ya ile "a" ya mwanzo, na msikilizaji ana haki ya kuuliza ni nani. Ukisema "zilichukuliwa", mtu amesogezwa pembeni, lakini mlango bado uko wazi, maana mtu anaweza kuuliza "na nani?" Ukisema "zimepotea", mlango umefungwa. Huwezi kusema fedha zimepotea na fulani. Sarufi yenyewe inakataa. Kauli hiyo si dhambi. Wazee wa hapa husimulia kwamba jina la mji huu limetokana na neno la Kigogo, idodomya, yaani imezama, kwa ajili ya tembo aliyekwenda kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu akadidimia matopeni. Tembo yule alizama kweli, hakusukumwa na mtu, na waliosimulia walichagua kitenzi sahihi. Fedha ya kijiji haina miguu ya kuipeleka matopeni.

Ninyi mnaitwa watendaji. Naomba mlitafakari jina hilo, kwa sababu ndilo neno lilelile la sarufi: yule anayefanya. Ni jambo la kusikitisha kwamba taarifa zinazoandikwa na watu wanaoitwa watendaji ndizo zilizojaa sentensi zisizo na mtendaji.

Sasa sentensi yangu. Ilikuwa Oktoba 2004, katika kijiji kimoja upande wa Bahi, wakati huo kikiwa bado sehemu ya Dodoma Vijijini. Mkutano mkuu wa kijiji ulikaa chini ya mbuyu, watu wengi kuliko kawaida, kwa sababu kisima cha pampu ya mkono kilikuwa kimekaa miezi bila kutoa maji. Mimi nilikuwa nimetumwa kutoka wilayani, nikamsaidia mwenyekiti kuandika muhtasari. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi mbele na mjukuu mapajani alisimama akasema hivi, na maneno yake niliyaandika kwanza kwenye daftari langu dogo kama yalivyotoka: "Pampu imekufa tangu tulipovuna mtama. Tulichanga kaya tisini na sita, kila kaya mia tano, tukampa mtunza hazina elfu arobaini na nane aende mjini akanunue mipira ya pampu. Mipira hatujaiona. Hela hatujaiona. Naye huyo pale, ameegemea baiskeli."

Usiku ule, kwa mwanga wa kandili, niliandika muhtasari safi wa kupeleka wilayani. Maneno ya bibi yakawa haya: "Wajumbe walibainisha kuwepo kwa changamoto katika usimamizi wa mfuko wa maji, na ilishauriwa kuwa mchakato wa kuijengea uwezo kamati husika uharakishwe."

Niliiona ni sentensi nzuri. Ilikuwa na adabu, haikumtaja mtu, haikuleta ugomvi, na ilifanana na sentensi zote nilizokuwa nikizisoma kwenye makabrasha ya semina. Pimeni lakini kilichoangukia njiani. Bibi alisema pampu imekufa tangu lini; mimi sikusema. Alitaja kaya 96, shilingi 500 kwa kaya, shilingi 48,000 kwa jumla. Mimi sikutaja hata senti moja. Alisema nani alikabidhiwa, akaonyesha kwa kidole alipokaa. Mimi nikamwondoa mtunza hazina, nikaiondoa baiskeli, na nikamwondoa bibi mwenyewe, maana nilimgeuza kuwa "wajumbe". Hata pampu haikubaki. Taarifa ilipokelewa wilayani bila swali, kwa sababu haikuwa na kitu ambacho mtu angeweza kukiulizia. Miezi mitano baadaye kamati ya maji ilipewa mafunzo ya siku mbili, kama ilivyoshauriwa. Wanawake wa kijiji kile waliendelea kuchimba mchanga wa korongo alfajiri na kusubiri maji yajikusanye kwenye shimo, kata moja baada ya nyingine.

Nitarudi kwenye kijiji hicho. Kwanza tuyatazame maneno yenyewe, kwa sababu wengi wetu tumeyarithi bila kuyakagua.

"Changamoto" ni neno lenye uchangamfu ndani yake. Ni jambo linalomsisimua mtu afanye bidii zaidi. Mwanafunzi anayepewa hesabu ngumu amepata changamoto. Zahanati isiyo na dawa ina tatizo, na tatizo hutatuliwa, kwa hiyo lazima awepo wa kulitatua na siku ya kulitatua. Tulipoacha kusema tatizo, shida, upungufu, uzembe na wizi, tukaviita vyote changamoto, tulivipa vitu vitano tofauti jina moja, na mwananchi hawezi tena kujua kama anatakiwa kuvumilia, kuchanga, au kwenda kushtaki.

"Mchakato" una kazi halali: mbegu za alizeti zinapopita kwenye mashine ya kukamua pale Kibaigwa, ule ni mchakato, una mwanzo na una mwisho, na mafuta yanaonekana. Jambo likiwa "kwenye mchakato" ofisini, hata hivyo, mara nyingi halina mashine, halina saa, wala halina anayelisukuma. Kijana aliyeomba hati ya hakimiliki ya kimila akiambiwa "iko kwenye mchakato", ameondoka akiwa na jibu mkononi na hana alichojibiwa. Angeambiwa kwamba fomu yake iko mezani kwa ofisa fulani na inasubiri saini tangu wiki iliyopita, angejua mlango wa kubisha.

Neno ambalo mimi binafsi linanisumbua kuliko yote ni "wadau". Ukilitazama, limejengwa juu ya neno dau, kile anachoweka mtu mezani ili ashiriki mchezo. Katika kikao cha wadau wa ardhi ya kijiji utamkuta mwekezaji anayetaka ekari elfu mbili, shirika lililoleta viti na maji ya chupa, ofisa wa wilaya, na mjane mwenye ekari mbili, na wote wanne wanaitwa kwa jina moja kana kwamba wameweka dau sawa na wana haki sawa ya kuondoka nalo. Katiba yetu haimjui mdau, inamjua mwananchi. Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba Serikali hupata madaraka yake kutoka kwao. Mdau hualikwa, na aliyemwalika anaweza kesho asimwalike. Mwananchi kwenye mkutano mkuu wa kijiji haalikwi na mtu, maana kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila mkutano huo kuridhia. Unapomwita mjane yule mdau, umemshusha kutoka kwenye kiti chake mwenyewe ukampa benchi la mgeni.

Vivyo hivyo "kuchangia". Mwaka 1993, hospitali za Serikali zilipoanza kutoza wagonjwa, jambo hilo liliitwa uchangiaji wa gharama. Sote hapa tunajua kuchangia ni nini: daftari la harusi linapita, kila mmoja anaandika kulingana na mfuko wake, kwenye msiba mtu anatoa alichonacho, na asiyekuwa na kitu anachota maji au anachimba kaburi, wala hakuna anayemzuia kulia. Kwenye dirisha la malipo kiasi kilikuwa kimepangwa, na asiyekuwa nacho alirudi alikotoka au alianza kutafuta barua ya msamaha. Huenda zilikuwepo sababu nzito za kutoza, na mimi sisemi hazina ilikuwa imejaa. Nasema kwamba ingeitwa ada, watu wangeuliza imepangwa na nani, kwa nini iwe kiasi hicho, na maskini afanye nini. Ilipoitwa mchango, aliyeuliza maswali hayo alionekana ni mchoyo.

Yapo mengine ambayo sitayakalia: masuala mtambuka, afua, walengwa, kuhuisha, jumuishi, endelevu. Kila mmoja wenu anayo orodha yake. Ila niseme neno moja juu ya "walengwa", kwa sababu tunawaambia watu usoni. Kulenga ni kazi ya mwenye upinde. Mtu anayepokea haki yake kutoka kwenye kodi ya nchi yake hastahili kuitwa kwa jina la kitu kinacholengwa.

Mnaweza kusema kwamba haya ni makosa madogo ya vikao vya vijiji na kwamba mambo makubwa ya nchi hayapotei kwa neno. Historia ya mkoa huu huu inasema vingine.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha Kongwa mpango wa karanga, ikikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3 katika Afrika Mashariki na Kati, nyingi zikiwa Tanganyika, ili Waingereza wapate mafuta ya kula. Kongwa ni nchi ya mvua za kubahatisha na udongo unaogeuka kama tofali jua likikaza, na Mgogo yeyote mwenye jembe angeweza kulieleza hilo, lakini mpango uliandikwa kwa lugha ya tani, ekari na matrekta ambayo mwenye jembe hakuwa na nafasi ndani yake. Ulipokufa mwaka 1951, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimeteketea, walipa kodi wa Uingereza waliambiwa kwamba wautazame sasa kama mpango mkubwa wa majaribio ya uendelezaji. Neno "majaribio" lilikuja baada ya kushindwa, na jaribio, kama mnavyojua, halishindwi. Hutoa mafunzo tu.

Tusiwasute Waingereza peke yao, maana na sisi tunayo yetu. Wazee mlioko humu mnayakumbuka Madaraka Mikoani. Mwaka 1972 tuliambiwa kwamba madaraka yanatoka Dar es Salaam na kupelekwa mikoani na wilayani, karibu na wananchi. Mpango huo ulichorwa kwa ushauri wa McKinsey, kampuni ya Marekani inayofundisha mashirika makubwa namna ya kujiendesha, na ulikuja na vyeo vipya vya wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya. Jina lilikuwa la kweli kwa kipimo chake, kwa kuwa madaraka yaliondoka Dar es Salaam. Kilichokuwa kimefichwa ndani ya jina ni kwamba halmashauri za wilaya, zile ambazo wananchi walikuwa wakizichagua, zilifutwa katika mpango huohuo, na madaraka yalipofika wilayani yalipokelewa na ofisa aliyeteuliwa. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka baba yangu akimwuliza jirani aliyekuwa diwani: "Kama madaraka yamekuja kwetu, mbona wewe umerudi shambani?" Ilichukua miaka kumi mpaka sheria za mwaka 1982 zirudishe serikali za mitaa, na halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984. Mwaka huohuo wa 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe, akiwa bado Rais, alikiri kwenye mahojiano kwamba kama angeanza upya asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Namheshimu sana kwa kukiri huko, na nitawaambia kwa nini: alisema kwa kauli yenye mtendaji. Hakusema serikali za mitaa zilidhoofika. Alisema walizifuta.

Leo hii Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Maneno yanafanana kabisa na yale ya 1972, na hakuna kinachotofautisha nyakati hizo mbili ila kama mwananchi anaweza kuona, kwenye karatasi mnayoiandika ninyi, nani ameamua nini.

Nichukue mfano wa sasa, ulio hapa mjini kwetu. Kila mwaka, mwishoni mwa Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais taarifa za ukaguzi, kisha zinawasilishwa Bungeni. Halmashauri ikipata kile ambacho watu hukiita hati safi, madiwani hupongezana na redio hutangaza. Mwananchi wa kawaida akisikia "safi" anaelewa kwamba watu hawa hawakuiba. Mkaguzi hakusema hivyo. Hati inayoridhisha, kwa jina lake rasmi, maana yake ni kwamba vitabu vya hesabu vimeandaliwa kwa kufuata viwango vya uhasibu na vinaonyesha hali ya fedha kwa haki. Haisemi kwamba choo cha shule kilijengwa kwa bei nzuri, wala kwamba kilihitajika mahali pale. Neno la kihasibu lilikuwa sahihi ndani ya ofisi ya wahasibu. Lilipotoka nje likavalishwa "safi", likawa kinga, na anayeuliza juu ya choo anajibiwa kwa hati.

Hapa lazima niwe mwangalifu, maana sitaki mtoke mkisema kwamba nimepinga maneno ya utaalamu. Fundi wa maji anayewaambia kina cha maji, ujazo kwa saa na kiwango cha chumvi katika visima vya Makutupora anatumia maneno magumu kwa sababu jambo lenyewe ni gumu, na ukimwuliza atachukua debe na kamba na kukuonyesha. Upembuzi yakinifu ni kazi halisi inayofanywa na wahandisi kabla ya kujenga bwawa. Kipimo changu ni hicho: mwombe mtu alieleze neno lake kwa maneno mengine. Fundi ataeleza mpaka uchoke. Aliyesema "tunahuisha mfumo shirikishi wa utoaji huduma" akiombwa aeleze, atalirudia neno lilelile kwa sauti ya juu zaidi.

Wala sipingi maneno ya ndani. Sisi ni watu wa mafumbo. Waswahili husema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atang'amua. Fumbo lina kitu ndani yake, na aliyelifumba anamheshimu msikilizaji kiasi cha kumwachia kazi ya kulifumbua. Ukilipasua unakuta kokwa. Lugha ya makabrasha ukiipasua unakuta ganda jingine.

Mkoa huu umewahi kutoa mtu aliyeijua njia nyingine. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa, hakimu na mshairi, ndiye aliyeikuza ngonjera, mashairi ya majibizano ambayo baada ya Azimio la Arusha la 1967 yalighanwa shuleni na mikutanoni kueleza siasa ya nchi. Najua kwamba katika ngonjera nyingi yule mpingaji alikuwa ameandikiwa kushindwa tangu mwanzo, na sitaki kuufanya wakati ule kuwa bora kuliko ulivyokuwa. Lakini umbo lile lilikuwa na haki moja ambayo taarifa zetu hazina: aliyekuwa na shaka alipewa ubeti wake, akasema shaka yake kwa kinywa chake, na aliyejibu alilazimika kumjibu yeye, kwa mizani ileile.

Ninajua wapo wanaoamini kwamba jambo hili limekwisha kwa sababu tumehamia Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, nami siku hiyo nilifurahi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Ila maneno yote niliyoyataja leo ni ya Kiswahili. Mengi yalizaliwa pale tulipokuwa tukitafsiri nyaraka za wafadhili usiku wa kuamkia semina, tukitafuta neno la Kiswahili la kuweka juu ya neno la Kiingereza ambalo lenyewe halikuwa na maana kubwa. Bibi yule wa Bahi angeambiwa kwa Kiingereza, angejua kwamba haelewi, angeomba tafsiri. Alipoambiwa kwa Kiswahili hakuelewa vilevile, lakini safari hii alidhani kasoro ni yake. Nimewaona watu wazima, wenye akili kuliko mimi, wakiinamisha vichwa mkutanoni kwa sababu hiyo, na mtu aliyeinamisha kichwa hanyooshi mkono.

Linganisheni na Julai 2021, tozo za miamala ya simu zilipoanza. Hapo hapakuhitajika semina. Mtu alituma fedha kwa mama yake Mpwapwa, akaona kwenye simu yake kiasi kilichokatwa, kwa tarakimu, siku hiyohiyo. Mama lishe, dereva wa bodaboda na mwalimu walijadili jambo moja kwa maneno mamoja, kelele ikafika Bungeni na kwa mawaziri, na kabla Septemba haijaisha tozo ilikuwa imepunguzwa kwa asilimia 30. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote juu ya tozo yenyewe. Mimi ninachokiona ni kwamba wananchi walielewa, na walipoelewa walishiriki, na waliposhiriki Serikali iliwajibu.

Basi ninachowaomba ni kidogo. Kabla mkutano haujafungwa, muhtasari usomwe kwa sauti mbele ya waliosema, na aliyesema aulizwe kama hayo ndiyo maneno yake. Mwenyekiti asitie saini sentensi ambayo haina mtu. Kila kikao chetu huanza na yatokanayo, ile ajenda ya kufuatilia yaliyosemwa kikao kilichopita. Muhtasari ukiandikwa kwa changamoto na michakato, hakuna kitakachotokana nao, kwa kuwa haukupandwa kitu.

Narudi Bahi. Mwanzoni mwa mwaka 2006 kijiji kile kilipata mtendaji mpya, kijana ambaye alikuwa hajahudhuria semina hata moja. Alilikuta daftari la mapato kabatini, na kwenye mkutano wake wa kwanza akasimama akasoma: "Tarehe 14 Agosti 2004, mtunza hazina alipokea shilingi 48,000 kwa ajili ya kununua mipira ya pampu. Risiti haipo. Mzee, naomba utueleze."

Mzee akasimama. Alisema kwamba alikwenda mjini kwa baiskeli, mipira haikuwepo dukani, mwenye duka akaomba malipo ya awali ili aiagize, akamwachia shilingi 30,000. Aliporudi mara ya pili duka lilikuwa limefungwa, na mara ya tatu likauzwa. Shilingi 18,000 zilizobaki zilikuwa nyumbani kwake, zimefungwa kwenye kitambaa, na alikwenda kuzileta palepale na kuzihesabu mezani, noti zikiwa zimeshika mikunjo. Watu wakauliza kwa nini hakusema muda wote huo. Akasema hakuna aliyemwuliza. Alikuwa akiona watu wananyamaza anapopita, alikuwa ameacha kwenda kwenye pombe za jirani na hata kwenye misiba ya mbali, akingoja siku atakapoitwa kwa jina ajieleze, na siku hiyo haikuja. Watu walichanga kilichopungua, na pampu ikatoa maji kabla ya mavuno ya mwaka huo.

Niliposikia habari hizi nilikwenda kwake. Nilimkuta anasuka kamba chini ya mkwaju. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyeandika muhtasari wa ule mkutano wa mwanzo, na kwamba nimekuja kumwomba radhi. Hakuelewa radhi ya nini. Akaniuliza, "Mwanangu, kwani siku ile uliandika nini?" Nilikuwa na nakala mfukoni, nikamsomea sentensi yangu. Akaniomba niirudie. Nikairudia polepole, yeye akisikiliza huku ameinamisha kichwa, kamba imesimama mikononi.

"Sasa mimi," akasema, "niko wapi humo?"